Nambari za Miti ya Lwibambo

Adelaïde Mukandayisenga alikuwa na miaka kumi na moja kilima kiliposhuka juu ya shamba la baba yake, huku kwetu Masisi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Juu ya shamba palikuwa malisho ya ng'ombe, na kabla ya malisho palikuwa msitu, lakini huo yeye hakuukuta. Aliusikia tu katika mazungumzo ya baba yake. Udongo ulifunika maharagi, ukafunika mihogo, ukafunika jiko ambamo shangazi yake alikuwa akimenya viazi. Walimfukua kesho yake saa nne asubuhi, kisu kingali mkononi.

Nilimwuliza siku moja kwa nini alisomea mazingira wakati wasichana wenzake wote walitaka uuguzi. Hakunisimulia juu ya shangazi. Alisema tu: "Kaka Hubert, mulima bila miti inashukaka. Mi nilishaona." Habari ya shangazi niliipata kwa mumewe, Esdras, baadaye sana.

Tulifundisha pamoja miaka saba, mimi hesabu, yeye mazingira, katika chuo cha jamii kilichojengwa na wazazi wa vilima vyetu kando ya barabara inayoteremka Walikale. Vyumba vinne vya mbao, bati lililotoboka, na mkurugenzi ambaye hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake: Papa Raphaël Mbonigaba. Huyu ndiye aliyezunguka kutoka parokia hadi parokia akiomba misumari na mbao, mpaka chuo kikasimama. Ndiye aliyemkuta Adelaïde sokoni Kitshanga akiuza unga wa mihogo, diploma yake ya sekondari imekunjwa ndani ya kitambaa, akamwambia: "Binti yangu, akili haiuzwe kwa kilo. Kuja kusoma." Alipomaliza, Papa Raphaël akampa kazi ya kufundisha ingawa wanaume wawili waliitaka. Na mtoto wake wa kwanza alipobatizwa, Papa Raphaël ndiye aliyesimama naye mbele ya padri. Adelaïde hakumwita mkurugenzi. Alimwita Papa tu, kama baba yake mzazi.

Mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka chuoni, kule ambako vilima vya malisho vinaisha na pori la Walikale linaanza, upo msitu unaoitwa Lwibambo. Ni mali ya jamaa kama ishirini hivi, wakulima kama sisi. Ndani yake mna chemchemi tatu, na maji yake ndiyo yanayonywewa na vijiji vyote vya bondeni. Kwa hiyo watu wa pale walikuwa na katazo la tangu mababu: miti mikubwa iliyozunguka chemchemi haiguswi, hata kwa jeneza.

Adelaïde alitaka wanafunzi wake wasomee huko. Alisema mtu hawezi kulinda kitu asichojua jina lake. Alikwenda Lwibambo mara nne peke yake kabla hajapewa jibu. Aliyempokea mwishoni alikuwa Mama Tumukunde, mjane wa miaka sabini na kitu aliyejua kila mti kwa jina, na kwa gome lake, na kwa ugonjwa unaotibiwa na gome hilo.

"Mwalimu," Mama Tumukunde alimwuliza, "muko na tafuta miti yetu?"

"Hapana, Mama. Tuko na tafuta majina yake tu."

"Na majina mutayapeleka wapi?"

"Mu daftari. Na daftari itakaa mu armware, kabati ya chuo, na ufunguo."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Adelaïde alisimama mbele ya jamaa zile na kurudia maneno yale. Papa Raphaël alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi. Alitikisa kichwa kukubali. Nami nilikuwapo.

Kazi ilichukua miaka miwili. Wanafunzi walikata vibati vidogo kutoka katika makopo ya mafuta, wakavigonga nambari kwa msumari, wakavifunga kwa waya kwenye kila mti mkubwa. Mimi niliwafundisha kupima mzingo na kukadiria urefu kwa kivuli. Hayo tu ndiyo niliyochangia. Mama Tumukunde alitoa majina. Astrid Umuhoza, mwanafunzi bora kuliko wote, msichana mwenye kofia ya bluu ambaye hakuwahi kuivua hata darasani, aliandika. Hati yake ilikuwa nzuri kama ya kitabu. Kila mti ulipata mstari wake: nambari, jina, mzingo, mahali ulipo kwa vipimo vya simu, na hali yake. Umenyooka. Umeinama. Una pango ndani. Una kiota cha ndege mkubwa. Miti mia mbili na kumi na minane.

Nakumbuka siku ile walipofunga kibati cha mwisho. Walirudi wakiimba barabarani, matope mpaka magotini, na Adelaïde akiwa nyuma yao amebeba daftari la jalada la kijani kama watu wanavyobeba mtoto mchanga wakati wa mvua, ndani ya kitenge. Alilifungia kabatini. Kulikuwa na funguo mbili. Moja ilikaa shingoni mwake, nyingine akampa Papa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, chuo kilipata maabara. Kwa siku mbili tu lori lilishusha bati jipya, meza ndefu kumi na mbili na mabenchi ishirini na manne. Mbao zake zilikuwa nyekundu, nzito, zimepigwa randa vizuri mpaka zikang'aa. Papa Raphaël alitukusanya uani, akasema mfadhili mmoja wa Walikale ameguswa na elimu ya watoto wetu. Tulipiga makofi. Wengine walilia. Miaka yote ile wanafunzi wetu walikuwa wakiandikia juu ya magoti.

Adelaïde aliinama juu ya meza ya kwanza, akainusa.

"Hii iko libuyu, muti ya pori," alisema. "Papa, mbao imetoka wapi?"

"Nimesema, Walikale."

"Walikale iko kubwa."

"Binti yangu," Papa Raphaël alicheka, "mutu akikupa nguo, utamuuliza pamba ililimwa wapi?"

Tukacheka sisi sote. Naye akacheka kidogo.

Wiki mbili baadaye aliwapeleka wanafunzi wapya Lwibambo, akaniomba niende naye kwa ajili ya vipimo. Siku zote tulipofika kwenye mteremko wa kwanza tulimkuta Mama Tumukunde akitungoja na ndizi za kuchoma. Siku hiyo alikuwa ameketi mlangoni kwake. Hakuinuka. Hakujibu salamu. Adelaïde alipiga goti, akarudia salamu kwa heshima, na bado yule mama alimtazama tu.

Kisha akavuta kikapu kilichokuwa nyuma yake, akakimwaga mbele ya miguu ya Adelaïde. Vilikuwa vibati vyetu. Vilianguka kwa mlio mwembamba, kimoja juu ya kingine.

"Hesabu," akasema. "Weye njo mwenye kujua kuhesabu."

Adelaïde hakuweza. Nilihesabu mimi. Vilikuwa thelathini na saba.

Mama Tumukunde akatueleza. Wapasua mbao walikuja katikati ya kiangazi na misumeno ya moto, watu kumi na wanne, na mbele yao walinzi wenye bunduki ambao hakuna aliyewajua. Hawakuuliza njia. Walikuwa na karatasi. Walisoma karatasi, wakatafuta kibati, wakakata. "Walikata ya kumi na mbili," alisema. "Ya kumi na tatu wakaiacha. Wakaenda ku ya kumi na ine. Miti yenye kuoza ndani hawakuigusa hata moja. Mi nilikuwa najiuliza, hawa watu wanaonaka mu tumbo ya muti?"

Nilimwona Adelaïde akifumba macho. Mti wa kumi na tatu ulikuwa na pango ndani. Ulionekana mzima kwa nje. Mama Tumukunde mwenyewe ndiye aliyeugonga kwa panga na kuwaonyesha wanafunzi ile sauti. Jambo hilo halikuandikwa mahali pengine popote duniani isipokuwa katika daftari la kijani.

"Mama," alisema. "Mama, si mimi."

"Ule mutoto wako wa kofia ya bluu njo alikuwa anawasomea," Mama Tumukunde alisema. "Mi nilimupatia ndizi kwa mukono yangu, miaka mbili. Alipita hapa, hakuniangalia."

Tulikwenda mpaka chemchemi ya juu. Sitaeleza sana. Visiki vilikuwa vimelowa utomvu, vumbi la msumeno limejaa ndani ya maji, na pale ambapo magogo yalivutwa udongo ulikuwa wazi, mwekundu, umeanza kupasuka kuelekea bondeni. Adelaïde alisimama akitazama ile mipasuko kuliko alivyotazama visiki. Mwanafunzi mmoja alianza kupiga picha, mwenzake akamshusha mkono.

Tuliporudi hakuingia chuoni, alinyoosha moja kwa moja kwa Astrid.

Astrid alikuwa akiishi kwa dada yake karibu na soko, akingoja siku ya kutetea kazi yake ya mwisho. Tulimkuta akifua. Alipomwona Adelaïde aliiacha nguo ndani ya beseni, akaifuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani alikutuma?" Adelaïde aliuliza.

"Papa Raphaël alisema iko stage, kujifunza kazi. Alisema kuko watu wanataka kuona miti, niwasindikize siku tano, itaandikwa mu dosye yangu ya chuo."

"Na siku ya kwanza walipowasha masini, uliona iko stage?"

Msichana akainama juu ya beseni.

"Astrid, nakuuliza."

"Siku ya kwanza niliogopa, Mama. Kulikuwa na bunduki. Siku ya pili…" Akaanza kulia. "Siku ya pili nilifikiri, kama nikirudi, Papa hataniacha nitetee. Miaka yote hii bure. Mama yangu iko kambini Kitshanga, iko anangoja niwe mutu."

"Ungenituma hata neno moja. Simu yangu unayo."

"Nilipata haya, Mama."

Nilidhani Adelaïde atampiga. Badala yake aliokota ile nguo ndani ya beseni, akaikamua, akaitundika kambani, kama mtu ambaye mikono yake inahitaji kazi. Kisha akaondoka. Astrid alibaki akimwita.

Ofisini kwa Papa Raphaël nilimfuata Adelaïde mpaka mlangoni, na hapo nikasimama. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia yote.

Papa Raphaël hakukana. Hilo ndilo lililomuumiza Adelaïde kuliko yote, aliniambia jioni ile. Alikuwa amejitayarisha kwa uongo.

"Kaa, binti yangu."

"Niko muzuri hivi."

"Weye unaona miti. Mi naona batoto wanaandikia ku magoti miaka kumi. Ule mutu wa Walikale aliniambia, unipatie karatasi ya miti tu, na nitakujengea laboratware. Karatasi tu! Mi sikugusa hata muti moja."

"Ile karatasi njo ilikuwa neno yangu kwa wale wazee."

"Neno yako. Chuo haikutia sinyatire ku karatasi."

"Ulikuwa umesimama pembeni yangu, Papa. Mu kanisa. Kofia yako mu mukono."

Nilisikia kiti kikilia.

"Ile miti wangeikata tu siku moja," Papa Raphaël alisema. "Kama si hawa, ni wale wenye kuchoma makala. Ni heri tulipata kitu."

"Nilikupa ufunguo."

"Chuo njo ilikupa weye ufunguo, Adelaïde. Usisahau nani alikutoa ku soko."

Alitoka akanipita bila kuniona. Alikuwa ameuvua ule ufunguo shingoni. Kamba yake ilikuwa imeacha alama nyekundu pale alipoivuta.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, maana nisipoisema basi nami ninaficha. Alhamisi ile tulikutana walimu wote, tisa, ndani ya maabara mpya. Adelaïde alieleza kila kitu, taratibu, na kuweka vile vibati thelathini na saba mezani. Aliomba jambo moja: twende pamoja Lwibambo tukaombe radhi kwa jina la chuo, na mbao zile zirudishwe kwa jamaa zile wazifanyie wanalotaka. Papa Raphaël akauliza nani anaunga mkono. Adelaïde akanitazama. Nilikuwa nimekwenda naye, nilikuwa nimehesabu kwa vidole vyangu, nilikuwa nimesikia mlangoni. Nikatazama meza. Nilikuwa na watoto watano, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa kumi na mbili. Hakuna mkono ulioinuka hata mmoja.

"Na weye, kaka Hubert?" alisema. Si kwa ukali. Kama mtu anayeuliza saa.

Niliendelea kutazama meza.

Jumapili alikwenda Lwibambo na Esdras peke yao. Baada ya misa alisimama palepale aliposimama miaka mitatu nyuma, akasema: "Niliwaambia daftari itakaa na ufunguo. Ufunguo nilimupa mutu mwenye nilimuamini kuliko baba yangu. Kosa iko yangu." Wanaume wawili walitaka afungwe, apelekwe kwa chifu. Mwingine akasema alilipwa, analia machozi ya mamba. Mama Tumukunde ndiye aliyewanyamazisha, lakini hakumkumbatia. Alimwuliza: "Sasa utafanya nini?"

"Nitatoa nambari."

Siku nne Adelaïde na Esdras walizunguka msitu ule, kutoka mti hadi mti, wakikata waya na kutoa vibati mia moja themanini na kimoja vilivyobaki. Kazi aliyoifanya na wanafunzi ishirini kwa miaka miwili, waliibomoa wawili kwa siku nne. Esdras aliniambia kwamba kila mti alioufikia mkewe alitaja jina lake kwa sauti ya chini kabla ya kukata waya. Yeye hakumwuliza kwa nini. Nyumbani alikusanya madaftari yake yote ya rasimu, yale aliyoyaandika mwenyewe porini, akayatia ndani ya moto wa kupikia maharagi.

Lakini nakala iliyo mikononi mwa wapasua mbao hakuweza kuichoma. Walirudi mwezi wa pili. Bila vibati walipotea sana, vipimo vya simu peke yake haviwatoshi wapasua mbao ndani ya pori zito namna ile, na watu wa Lwibambo walikuwa wamelala njiani na wake zao na watoto wao kuwazuia. Hata hivyo miti tisa ilianguka. Tangu hapo jamaa zile zimefunga msitu kwa kila mgeni, mwenye msumeno na mwenye kalamu vilevile. Mvua za mwezi wa nne zilipokuja, mteremko wa chemchemi ya juu ulishuka. Haukuua mtu. Chemchemi ndiyo iliyofunikwa, na wanawake wa kijiji cha kwanza sasa wanateka mtoni, pamoja na ng'ombe.

Adelaïde alipokea barua ya kufukuzwa. Ilisema ameharibu vifaa vya chuo: vibati vya kufundishia, mia moja themanini na kimoja. Sahihi ya Papa Raphaël ilikuwa chini, na muhuri. Katika vijiji ilisambazwa habari kwamba ni yeye aliyeuza daftari na kukimbia aibu, na wapo wanaoamini mpaka leo. Sijui habari hiyo ilianzia wapi. Najua tu kwamba mwezi wa sita nilipita nyumbani kwa Papa Raphaël kumpelekea alama za mitihani, nikaona nyumba yake ina milango sita mipya, myekundu, iliyopigwa randa vizuri.

Astrid alitetea kazi yake na kupata alama za juu. Sasa anafanya kazi na shirika moja la mazingira huko Goma. Alikwenda kwa Adelaïde mara moja kuomba barua ya kumtambulisha, kwa sababu katika fomu yao walitaka jina la mwalimu aliyemsimamia. Adelaïde alimkaribisha, akampa chakula, wakazungumza habari za mama yake wa kambini. Barua hakumwandikia.

Mimi bado nafundisha. Ninasimamia mitihani ndani ya maabara ile, na wanafunzi wanaketi kwenye mabenchi yale. Ni mabenchi imara, hayayumbi.

Mwaka huu nilikwenda kumwona, mara ya kwanza tangu siku ile ya mkutano. Analima na mumewe kwenye shamba la baba yake, lile lililofunikwa. Wamelikata matuta na kupanda majani ya kushika udongo kila hatua kumi. Alinipa uji. Hakunilaumu, wala hakunirahisishia. Nilipotaka kuanza maneno niliyoyatayarisha njia nzima, aliinua mkono kidogo, akaniuliza watoto wangu wako darasa la ngapi.

Tulikuwa bado tumeketi alipofika kijana mmoja mwenye viatu safi, mwalimu mpya aliyepewa kozi ya mazingira chuoni. Alikuwa na simu kubwa na orodha yenye nafasi tupu. Alisema kwa adabu kwamba ameelekezwa kwa Mama Adelaïde, kwamba hakuna anayejua miti ya huku kama yeye. Akaonyesha mti mmoja mrefu kwenye ukingo wa shamba, wenye gome la kijivu lililobabuka, akauliza unaitwaje.

Adelaïde aliutazama ule mti. Nami nilimtazama yeye. Niliujua ule mti, ni yeye aliyenifundisha.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mi niko mulimaji wa maharagi."

Kijana alishukuru, akaandika kitu, akaenda zake. Adelaïde alikusanya vikombe, akavipeleka ndani, na alipotoka alikuwa na jembe.